Debe la Maji na Sahani ya Mtoto

Mkulima, wewe ni mtu wa hesabu. Unajua ng'ombe wako hutoa chupa ngapi za maziwa asubuhi na jioni. Unajua ulivuna magunia mangapi ya mahindi msimu uliopita, na mangapi uliuza, na mangapi uliweka ghalani. Lakini ukiulizwa leo, "Nyumbani kwako hutumika madebe mangapi ya maji kwa siku, nayo hutoka wapi?" huenda ukamgeukia mama wa nyumba akujibie, maana yeye ndiye ayabebaye.

Katika ukurasa huu tunataka kuifanya hesabu hiyo pamoja nawe, kwa sababu inahusu sahani ya mtoto wako. Watu wengi hudhani ya kwamba maji ni jambo la kiu na la kufua nguo, na chakula ni jambo la shamba na la jikoni. Sivyo. Maji na chakula ni kama maksai wawili waliofungwa nira moja. Mmoja akilala chini, mwenzake hawezi kuvuta jembe peke yake.

MTOTO ANAKULA LAKINI HAKUI

Tuseme kuna majirani wawili katika skimu moja. Mashamba yao yana ukubwa mmoja, udongo wao ni mmoja, na kila mmoja ana ng'ombe wa maziwa. Watoto wa jirani wa kwanza wanakua vizuri. Watoto wa jirani wa pili ni wafupi kuliko umri wao, wanaugua mara kwa mara, na shuleni wanachoka upesi. Jirani wa pili hushangaa, akasema, "Mimi ninawalisha watoto wangu sawasawa na yule." Naye hasemi uongo. Tofauti haimo katika sufuria. Imo katika mtungi.

Sababu ni hii. Maji yaliyoingiwa na kinyesi cha watu au cha wanyama yana vijidudu visivyoonekana kwa macho. Maji hayo huweza kuwa maangavu kama kioo, nayo yakawa na vijidudu tele. Mtoto akiyanywa, huanza kuhara. Akihara, chakula alichokula hutoka kabla mwili haujakitumia. Tena hamu ya kula humwishia. Tena akishikwa na homa, mwili hutumia akiba yake ya nguvu kupigana na ugonjwa badala ya kujenga mifupa na nyama.

Akihara mara moja, mtoto mwenye afya hupona na kurudisha uzito wake. Lakini akihara leo, na mwezi ujao tena, na mwezi unaofuata tena, hana nafasi ya kurudisha alichopoteza. Na liko jambo lingine ambalo wataalamu wamelitambua. Ndani ya utumbo mwembamba mna vijinyama vidogo sana, mfano wa vidole, ambavyo kazi yake ni kunyonya chakula na kukipeleka katika damu. Mtoto anayemeza vijidudu kila siku, hata kama hahari, vidole hivyo huharibika na kuwa vifupi. Basi chakula kinapita tu. Ni sawa na kumimina maziwa katika debe lenye matundu: hata ukiongeza maziwa, debe halijai.

Mtoto wa namna hiyo hudumaa. Hatari kubwa ni tangu mimba mpaka mtoto atimize miaka 2, maana huo ndio wakati ubongo na mwili hujengwa kwa haraka zaidi. Kilichopotea wakati huo ni vigumu kukirudisha baadaye.

Tusikate tamaa, kwa sababu nchi yetu imekwenda mbele. Uchunguzi wa afya wa Kenya wa mwaka 2008 na 2009 ulionyesha ya kwamba katika kila watoto 100 walio chini ya miaka 5, watoto 35 walikuwa wamedumaa. Mwaka 2014 walikuwa 26. Mwaka 2022 walikuwa 18. Hayo ni maendeleo. Lakini watoto 18 katika 100 ni karibu mmoja katika kila watano. Chukua watoto watano wanaocheza njiani karibu na shamba lako, ujiulize ni yupi.

HESABU YA MADEBE

Sasa tufanye hesabu yetu. Shirika la Afya Duniani hukadiria ya kwamba lita 20 kwa mtu mmoja kwa siku ni kiasi cha chini kabisa cha kunywa, kupika na kunawa. Kwa kiasi hicho hata kufua nguo na kuoga vizuri ni shida. Kama jamaa yako ni watu 7, wanahitaji lita 140 kwa siku. Hiyo ni mitungi 7 ya lita 20, au madebe karibu 8 ya zamani.

Kama maji yako umbali wa kilomita 1, kwenda na kurudi ni kilomita 2, yaani kama nusu saa bila kupanga foleni. Safari 7 ni kilomita 14 na saa tatu na nusu, na nusu ya njia hiyo mama ana kilo 20 mgongoni. Nani aweza kufanya hivyo kila siku, kisha apalilie, akamue, akate majani ya ng'ombe, na apike? Hapana. Basi badala ya safari 7 anakwenda 3, na nyumba nzima hutumia lita 60. Hapo ndipo mambo huanza kuharibika jikoni, nasi hatuoni.

Kwanza, mikono hainawishwi. Mama akiwa na mtungi mmoja uliobaki, hawezi kuutumia kunawia kila anapotoka chooni au anapomsafisha mtoto.

Pili, maharagwe hayapikwi. Maharagwe na githeri hutaka maji mengi na moto wa muda mrefu. Maji yakiwa machache, mama hupika kile kinachoiva upesi, na mtoto hula ugali au uji mtupu siku baada ya siku. Maharagwe yamo ghalani, lakini hayafiki sahanini.

Tatu, bustani ya mboga hukauka. Sukuma wiki, terere na managu hutoweka wakati wa kiangazi, na hizo ndizo humpa mtoto vitamini na madini ya chuma.

Nne, muda wa mama huisha. Mtoto wa miezi 9 mpaka miaka 2 hutakiwa alishwe mara 3 au 4 kwa siku, maana tumbo lake ni dogo. Mama aliye njiani na mtungi hawezi kumlisha. Mtoto huachiwa dada yake mdogo na kikombe cha uji uliopoa tangu asubuhi, nao uji wa namna hiyo ni shamba zuri la vijidudu.

Jambo hili si geni. Katika miaka ya 1960 wataalamu watatu, Gilbert White, David Bradley na Anne White, walizunguka Kenya, Uganda na Tanzania wakipima maji yanayotumiwa majumbani. Kitabu chao, Drawers of Water, kilitoka mwaka 1972. Bradley alionyesha ya kwamba magonjwa ya maji si ya namna moja. Yako yanayoletwa na kunywa maji machafu, kama kipindupindu na homa ya matumbo. Yako yanayoletwa na uhaba wa maji ya kunawia, kama upele, magonjwa ya macho, na kuhara kwingi. Yako yanayompata mtu akikanyaga maji, kama kichocho. Na yako yanayoletwa na wadudu wanaozaliwa majini, kama malaria. Fundisho lake ni hili: haifai kuuliza tu, "Je, maji haya ni safi?" Uliza pia, "Je, yanatosha? Je, yako karibu? Je, yanapatikana kila siku?"

MAJI HUCHAFUKA NJIANI

Huenda ukasema, "Sisi tuna chemchemi nzuri, hatuna wasiwasi." Sikiliza habari za Kenya ya magharibi. Katika sehemu za Busia wataalamu walichunguza chemchemi nyingi zilizojengewa ukuta na bomba, wakazilinganisha na zile zilizoachwa wazi. Matokeo yalitangazwa mwaka 2011. Kwenye chemchemi zilizojengwa, dalili za kinyesi ndani ya maji zilipungua kwa theluthi mbili hivi. Kuhara kwa watoto wadogo kulipungua kwa robo. Hiyo ni faida kubwa kwa mifuko michache ya saruji.

Lakini walipopima maji yale yale nyumbani, ndani ya mitungi, usafi ulikuwa umepungua sana. Maji yalitoka chemchemini yakiwa mema, yakachafuka njiani na nyumbani. Yalichafuliwa na nini? Mtungi usiooshwa ndani. Majani yaliyofunika mdomo wake. Kikombe kilichotumbukizwa pamoja na vidole. Kuku aliyeruka juu ya pipa.

Basi fanya hivi:

1. Tenga chombo kimoja cha maji ya kunywa tu. Kiwe na mdomo mwembamba na kifuniko, na kama uwezo upo, kiwe na bomba dogo chini.

2. Kama chombo kina mdomo mpana, teka kwa kata yenye mpini mrefu, nayo itundikwe ukutani, isiwekwe chini.

3. Sugua mtungi ndani kila juma kwa sabuni na mchanga safi, kisha uusuuze vizuri.

4. Usitumie kamwe mtungi uliokuwa na dawa ya kuogeshea ng'ombe, dawa ya kunyunyizia mimea, au dawa ya kuua magugu. Hata ukiuosha mara kumi, sumu hubaki. Utoboe usitumike tena.

5. Chemsha maji ya kunywa, au utie dawa ya maji kwa kipimo kilichoandikwa kwenye chupa, halafu ungoje nusu saa kabla ya kunywa. Maji yenye matope yachujwe kwanza kwa kitambaa safi, maana dawa haifanyi kazi vizuri katika tope.

Wakulima wa nyanda za juu, kama Kinangop, waangalie jambo moja. Huko juu maji huchemka kabla hayajafikia joto la nyuzi 100. Kwa hiyo yakianza kuchemka kwa nguvu, yaache yaendelee kwa dakika 3 kabla ya kuepua.

Kama huna kuni wala dawa, jua litakusaidia. Jaza maji maangavu katika chupa safi za plastiki zisizo na rangi, uzilaze juu ya mabati kwa saa 6 penye jua kali. Siku za mawingu ziache siku 2.

DAWA PEKE YAKE HAITOSHI

Tusidanganyane. Wako wanaodhani ya kwamba chupa moja ya dawa ya maji itamaliza mambo yote. Katika Kakamega, Bungoma na Vihiga ulifanywa uchunguzi mkubwa ulioanza mwaka 2012, nao uliwafuata watoto wa akina mama zaidi ya 8,000. Akina mama wengine walipewa dawa ya maji, wengine vyoo, wengine vyombo vya kunawia, wengine mafunzo ya kulisha watoto pamoja na chakula cha nyongeza, na wengine mambo hayo yote pamoja. Matokeo yalitangazwa mwaka 2018. Watoto waliopata dawa ya maji peke yake, au choo peke yake, hawakurefuka kuliko wengine. Waliopata mafunzo ya lishe na chakula cha nyongeza walirefuka kidogo.

Je, hii ni kusema maji safi hayana maana? La hasha. Dawa ya maji huua vijidudu ndani ya kikombe, lakini haisogezi kisima karibu na nyumba. Haiongezi lita za kunawia. Haifukuzi kuku na mavi yao uani, mahali mtoto anapotambaa na kutia mkono kinywani. Wala haipiki maharagwe. Mlango mmoja ukifungwa na mingine mitatu ikiachwa wazi, mwizi bado ataingia. Ndiyo maana tunasema maji safi, maji ya kutosha, mikono safi, ua safi, na chakula cha kutosha viende pamoja.

MAJI YAKO YANATOKA WAPI?

Skimu nyingi zilitokana na mpango wa ekari milioni moja ulioanza mwaka 1962, ambapo mashamba makubwa yaligawanywa kwa jamaa nyingi. Mahali pengi shamba kubwa lilikuwa na bomba moja lililotosha nyumba moja na mifugo. Lilipogawanywa, bomba hilo halikuweza kutosha wote. Tangu siku hizo hata leo, kila mkulima amelazimika kufikiri mwenyewe juu ya maji yake. Hizi ndizo njia tatu zinazojulikana.

Chemchemi. Ijengeeni ukuta mahali maji yanapotoka, mtie mawe na kokoto nyuma ya ukuta, mfunike juu kwa udongo wa mfinyanzi au saruji, na mtoe maji kwa bomba. Chimbeni mtaro upande wa juu ili maji ya mvua yapite kando. Wekeni ua ili ng'ombe wasiingie, nao wajengewe birika lao upande wa chini. Msilime mpaka ukingoni, wala msipande mikaratusi karibu, kwa kuwa hunywa maji mengi.

Kisima. Kiwe mbali na choo kwa mita 30 au zaidi, tena kiwe upande wa juu wa mteremko, choo kiwe chini. Kuta zijengwe, mdomo uinuliwe na kufunikwa, na pawe na sakafu ya saruji ya kupeleka mbali maji yanayomwagika. Pampu ya mkono ni bora kuliko ndoo na kamba. Lakini kama ni ndoo, iwe ndoo moja tu isiyotoka hapo kisimani.

Paa. Mvua ya milimita 1 ikinyesha juu ya mita 1 ya mraba hutoa lita 1 ya maji. Kama nyumba yako ya mabati ina urefu wa mita 8 na upana wa mita 5, paa ni mita 40 za mraba. Mvua moja nzuri ya milimita 25 ni lita 1,000. Toa sehemu ya tano inayopotea, zabaki lita 800, yaani mitungi 40 ambayo hakuna mtu aliyeibeba. Tangi la lita 5,000 likijaa, na mkitumia kwa kunywa na kupika tu, lita 5 kila mtu, jamaa ya watu 7 itatumia lita 35 kwa siku, na tangi litadumu siku 142. Hiyo ni zaidi ya miezi minne. Mvua za kwanza ziache zioshe vumbi na mavi ya ndege, ndipo uelekeze mfereji kwenye tangi. Funika tangi, na utie wavu mdomoni ili mbu wasizaliane. Maji hayo nayo yachemshwe kabla ya kunywa.

Wakulima wa Bonde la Ufa, hasa pande za Nakuru, Naivasha na Gilgil, wana sababu nyingine ya kupenda maji ya paa. Visima virefu vya huko mara nyingi vina madini ya floridi kupita kipimo cha miligramu 1.5 katika lita moja kilichowekwa na Shirika la Afya Duniani. Mtoto akinywa maji hayo miaka mingi, meno hupata madoa ya hudhurungi, na yakizidi sana mifupa huharibika. Kuchemsha hakuondoi floridi, bali huifanya ikolee. Maji ya mvua hayana shida hiyo. Tena Nakuru yametumika machujio ya mkaa wa mifupa ya ng'ombe yanayoipunguza. Peleka maji ya kisima yakapimwe kabla ya kuyazoea.

Nanyi mnaolima mpunga kwa maji ya mifereji, kama Mwea ambako kilimo hicho kilianza miaka ya 1950, adui yenu ni kichocho. Mdudu wake hulelewa na konokono wadogo wa majini, naye humwingia mtu kupitia ngozi anapokanyaga maji. Akiwa ndani humpotezea mtoto damu na nguvu, na kumzuia kukua. Msiende haja karibu na mfereji, maana kinyesi ndicho kinachopeleka mayai majini. Watoto wasiogelee humo. Maji ya mfereji ya kuogea yakiwekwa siku 2 katika pipa lisilo na konokono, wadudu hao hufa. Naye aliye na kichocho atibiwe hospitalini, dawa ipo.

MTOTO MCHANGA, NA MTOTO ANAYEHARA

Mtoto wa chini ya miezi 6 asipewe maji hata kidogo, hata yakiwa yamechemshwa, hata wakati wa jua kali. Maziwa ya mama yana maji yote anayohitaji. Bibi zetu walizoea kumwonjesha mtoto maji siku za kwanza, nao walifanya hivyo kwa upendo. Lakini sasa tunajua ya kwamba ndiyo njia ya kwanza ya vijidudu kuingia tumboni mwake. Mama ndiye anayepaswa kunywa maji ya kutosha na kula vizuri.

Mtoto akihara, wako wanaomnyima chakula na kinywaji ili "tumbo lipumzike." Hilo ni kosa linaloua. Anachopoteza ni maji na chumvi, na ndicho anachotakiwa kurudishiwa. Mpe pakiti ya ORS kutoka zahanati. Ukiikosa, chukua lita 1 ya maji safi, tia vijiko vidogo 6 vya sukari na nusu ya kijiko kidogo cha chumvi, vyote vipimo vya kusawazisha. Onja kwanza: yasiwe na chumvi kuliko machozi. Mpe kidogo kidogo mara nyingi. Endelea kumnyonyesha na kumlisha. Zahanati itakupa pia vidonge vya zinki, naye avimalize siku zote alizoandikiwa, hata akiwa amepona. Akiisha kupona, mwongezee mlo mmoja kila siku kwa majuma mawili ili arudishe uzito.

Usingoje nyumbani ukiona damu katika choo, au macho yamezama, au mtoto halii machozi, au anatapika kila kitu, au amelegea hataki kunywa. Mpeleke hospitali saa ile ile, hata kama ni usiku.

MAJI YA PILI

Maji yaliyokwisha kunawiwa na kuosha mboga yasimwagwe njiani. Yapeleke kwenye bustani ndogo nyuma ya jikoni. Panda sukuma wiki, kunde, managu, malenge, na viazi vitamu vyenye rangi ya karoti ndani, ambavyo humpa mtoto vitamini A. Loweka maharagwe usiku kucha kabla ya kuyapika, nayo yataiva upesi kwa kuni chache.

Karibu na choo tundika kibuyu chirizi: mtungi mdogo wenye tundu, uliofungwa kamba na kijiti cha kukanyaga. Hutumia maji machache, na mtu hagusi mtungi kwa mikono yake. Weka sabuni, na kama hakuna, jivu.

Wala usimsahau ng'ombe. Ng'ombe wa maziwa hutaka maji kama lita 3 mpaka 5 kwa kila lita ya maziwa anayotoa. Maziwa yenyewe karibu yote ni maji. Ukimnywesha mara moja kwa siku mtoni, maziwa yanapungua, na kikombe cha mtoto kinapungua pia. Basi fedha unayotia katika tangi au bomba hurudi kwako kwa njia ya ndoo ya maziwa.

SHAURI LA WOTE

Kazi nyingine haziwezi kufanywa na mtu mmoja. Chemchemi, kisima kirefu na bomba hutaka watu kushikana mikono. Katiba ya mwaka 2010, katika kifungu cha 43, inasema kila mtu ana haki ya kupata maji safi na salama ya kutosha, na katiba hiyo hiyo imezipa serikali za kaunti kazi ya huduma za maji. Basi nendeni kaunti mkiwa kundi, na ombi lenu liandikwe.

Lakini haki haikazi bomba linalovuja. Miradi mingi ya harambee ilijengwa kwa jasho, ikafa kwa sababu ya kipande kidogo cha mpira ndani ya bomba ambacho hakuna aliyekinunua. Chagueni kamati, na wanawake wawemo, tena si wa kukaa kimya, maana wao ndio wanaojua bomba lilikauka siku gani. Kila nyumba itoe kiasi kidogo kila mwezi. Mweka hazina asome daftari mbele ya watu wote. Mfundisheni kijana mmoja au wawili kutengeneza pampu, nao walipwe. Maji yanayopatikana siku tatu na kukosekana siku nne huwarudisha watu kwenye bwawa, na ugonjwa hurudi nao.

Mkulima, usingoje mkutano ujao ndipo uanze. Kesho asubuhi, wakati wa kukamua, chukua kalamu na karatasi. Andika mitungi mingapi imeingia nyumbani, imetoka wapi, nani ameibeba, na ametumia saa ngapi. Fanya hivyo kwa juma moja. Kisha keti na mama wa nyumba mtazame karatasi hiyo pamoja, kama mnavyotazama risiti za maziwa. Mkiona hesabu haitoshi, kipimeni kipande cha kwanza cha mfereji wa paa kabla mvua hazijaanza.